Usiku wa Kuhesabu Pumzi

Binti yangu alikuwa na miezi saba alipopata mafua makali kwa mara ya kwanza. Mchana kutwa alipiga chafya na kutokwa na kamasi jepesi, lakini alicheza kama kawaida. Giza lilipoingia pua ikaziba kabisa. Akishika titi ananyonya mara mbili tatu, analiachia, analia, kisha analitafuta tena. Mtoto wa umri ule hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Kumwona ana njaa ilhali maziwa yapo mdomoni pake kuliniuma kuliko kile kikohozi.

Mwili ulikuwa wa moto. Kipimajoto kwapani kilisoma nyuzi 38.4. Mama mkwe, ambaye alikuwa akikaa nasi, aliingia chumbani na chupa ya antibiotiki iliyobaki kaka mtu alipougua.

"Mpe kidogo tu, mwanangu, apate kulala."

"Mama, hii alipewa mwenzake kwa ugonjwa mwingine," nikamwambia. "Na ilishachanganywa na maji zamani."

Hakupenda, na sikumlaumu, kwani alitoka usingizini kwa sababu ya kumpenda mjukuu wake. Lakini mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Tena dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu wiki moja au mbili tu, kisha ni ya kumwaga. Dawa za kikohozi nazo sikuzigusa. Kwa mtoto mchanga kiasi kile madhara yake ni makubwa kuliko faida.

Nilichofanya ni kumlaza chali na kumtia matone ya maji ya chumvi ya pua, tone moja moja kila tundu. Nikasubiri kidogo ute ulainike, nikaufyonza taratibu kwa kipira cha kunyonyea kamasi. Hili hufanywa kabla ya kunyonyesha, maana tumbo likishajaa atatapika yote. Akashika titi, na safari hii akanyonya mpaka akashiba.

Nilimpa parasetamoli pia, kwa sababu alikuwa akisumbuka. Alikuwa na kilo 8, na kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 80 hadi 120. Nilisoma kwanza lebo kujua kila mililita ina kiasi gani, kwa kuwa chupa hazifanani, nikapima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Kijiko cha jikoni hakipimi dawa. Angekuwa chini ya miezi mitatu nisingekaa kupima chochote: homa kwa kichanga wa umri huo ni ya kukimbiza hospitali usiku huohuo.

Kisha nikaanza kuhesabu. Muuguzi mmoja alinifundisha nilipokuwa na mtoto wa kwanza: mtoto awe ametulia, nguo ipandishwe, uangalie kifua na tumbo kwa dakika nzima kwa saa. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto wadogo hupumua haraka, wakatulia, wakaharakisha tena. Kuanzia miezi miwili hadi kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Hata zikiwa chache, pale chini ya mbavu pakibonyea ndani kila anapovuta hewa, ni hatari.

Mume wangu alishika tochi pembeni, mimi nikashika saa. Nikapata 48. Chini ya mbavu palikuwa pametulia, lakini 48 ilikuwa karibu mno na 50. Tukapanga begi. Tulikubaliana kwamba ikifika 50, au kifua kikibonyea, au akikataa kunyonya, tunaondoka bila kusubiri kupambazuke. Nakumbuka jinsi dakika ile ilivyokuwa ndefu. Nilikuwa nikihesabu kwa midomo bila sauti ili nisipotee.

Homa yenyewe huongeza kasi ya pumzi, kwa hiyo dawa ilipofanya kazi na mwili kupoa nilihesabu tena. Nikapata 41. Baadaye nikapata 40. Mama mkwe aliketi kitandani bila kusema neno, macho yake juu ya tumbo la mtoto.

Asubuhi tulikwenda naye kliniki wote watatu. Muuguzi wa zamu alihesabu mwenyewe kwa dakika nzima, akamwangalia masikio na koo, akauliza nepi ngapi zimelowa tangu jana. Hakuandika antibiotiki. Alisema tuendelee na matone na titi, na kwamba kikohozi kinaweza kukaa hata wiki mbili bila kuwa na ubaya, ila turudi mara moja tukiona zile dalili.

Tulipoinuka, mama mkwe hakuinuka.

"Hebu nionyeshe hapo panapobonyea," alimwambia.

Muuguzi akampitishia kidole chini ya mbavu za mtoto, pole pole, akamweleza. Mama mkwe akauliza na yule mkubwa, wa miaka mitatu, hesabu yake ya hatari huanzia ngapi. Akaambiwa 40. Akataka arudiwe, kisha akaomba kalamu.