Nilivyowapasha Mwili Wanafunzi Wangu wa Ngoma kwa Kutazama Kaa, Mikoko na Maji ya Bamvua

Ninafundisha ngoma hapa Malindi, na wanafunzi wangu ni vijana wa miaka 12 hadi 18 wanaojifunza mwanzele ya Wagiriama, chakacha, na ngoma tunazobuni wenyewe. Jambo lililonishughulisha kwa muda mrefu halikuwa ngoma zenyewe, bali dakika 20 za kupasha mwili zinazozitangulia. Tulikuwa tukihesabu moja hadi nane, tukinyoosha mikono, tukiinama na kuinuka, na vijana walifanya yote hayo kwa utiifu huku mawazo yao yakiwa kwingine. Wengi wao waliamini kwamba joto la Pwani limekwisha kuipasha miili yao kabla hawajaingia ukumbini. Ilinibidi niwaeleze mara kwa mara kwamba joto la hewa hutoa jasho tu, ilhali msuli hupata moto kwa kufanya kazi, na majimaji yaliyomo ndani ya goti au nyonga hulainika kiungo kinaposogezwa. Walielewa maelezo, lakini mwendo wao haukubadilika.

Ndipo nilipoamua kutumia viumbe na mambo ya asili yanayotuzunguka, kwa sharti moja: asiige mtu kitu ambacho hajakitazama kwa macho yake. Kwa sababu hiyo sikutaka simba wala chui katika mazoezi yetu, kwani kijana wa mjini anayemwiga simba huiga picha aliyoiona kwenye televisheni, nayo humpa makucha na mngurumo bila kumpa uzito wala pumzi. Tulikwenda hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kusini mwa Malindi karibu na Watamu, asubuhi ya bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamekupwa na matope yamebaki wazi hadi mbali.

Huko tulikaa kimya tukiwatazama kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa na jingine dogo. Dume huliinua lile kubwa, hulishusha, huliinua tena, na mwili uliobaki hausogei hata kidogo. Kivuli cha mtu kikipita, wote huingia mashimoni kwa pamoja. Nilidhani vijana wangevutiwa na ule mwendo wa ubavu, lakini binti mmoja, ambaye ukumbini alikuwa hasemi neno, aliona jambo kubwa zaidi. Akaniambia, "Mwalimu, kwanza anasimama kabisa, ndipo anakimbia. Hapunguzi wala haongezi mwendo." Maneno hayo ndiyo yaliyojenga sehemu nzuri kuliko zote za mazoezi yetu.

Tuliporudi ukumbini tulilifanya hivi. Miguu hupanuliwa kupita upana wa mabega, magoti yakakunjwa, kichwa kikabaki katika kimo kilekile, kisha kundi zima husafiri kwa ubavu. Bega moja tu huinuliwa na kushushwa, kama gando, mgongo ukiwa umetulia. Ninapopiga kofi moja, kivuli kimepita: kila mtu husimama papo hapo, na kwa kofi la pili hukimbilia upande wa pili. Misuli ya mapaja ya ndani na nyonga hufanya kazi kubwa bila mtu kuhisi kwamba anaadhibiwa, na akili haiwezi kuzurura kwa sababu sikio linasubiri kofi. Zaidi ya hayo, bega linalojitenga na mwili ndilo linalohitajika katika mwanzele. Nilikuwa nimelifundisha kwa maneno kwa muda mrefu, na kaa alilifundisha kwa asubuhi moja.

Mazoezi huanza kwa maji kujaa. Wanafunzi hulala chali juu ya mikeka, nami huwaomba wayasikie maji yakiingia kwa nyayo, yakafika vifundoni, magotini, nyongani, kila sehemu ikiamshwa kwa zamu kabla ya inayofuata, mpaka mgongo unyanyuke pingili baada ya pingili na mtu asimame. Kisha maji hupwa kwa njia ileile. Ninawakumbusha kwamba bahari yetu huchukua takribani saa sita kujaa, hivyo hakuna sababu ya kuharakisha pumzi. Mama mmoja alikuja kuuliza kwa nini mwanawe analala sakafuni ilhali alimleta kujifunza ngoma. Nikamwambia, "Karibu mama, ukae utazame mpaka mwisho." Alipomwona mwanawe akitua kutoka kwenye mruko bila kishindo, hakuuliza tena.

Kutua huko kulitokana na mkoko. Mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia juu ya mti, ikawa ndefu na nzito upande wa chini, na ikidondoka wakati wa maji kupwa huweza kujichoma wima katika matope na kuanza kukua hapo hapo. Tunaruka tukiwa na picha hiyo: mwili wima, uzito chini, vidole vya miguu vikigusa kwanza, kisha unyayo, kisha kisigino, na magoti yakizama kana kwamba sakafu imelainika. Baadaye tunakuwa mkoko mzima, miguu na mikono ikishika sakafu kama mizizi, huku mgongo ukisukumwa na upepo wa kusi. Yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea polepole kwenye maji madogo, nilimtumia kwa mizani ya mguu mmoja tu, nami humpitia haraka kwa kuwa wadogo huchoka.

Kilichonisaidia kupanga haya yote ni uchambuzi wa Rudolf Laban, mwalimu wa ngoma aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki Uingereza mwaka 1958, ambaye aliutazama mwendo kwa mambo manne: uzito, wakati, nafasi na mtiririko. Siwatajii wanafunzi jina hilo. Ninawauliza tu: kitu hiki ni kizito au chepesi, ni cha ghafla au cha polepole, kinakwenda moja kwa moja au kinazunguka, kinajizuia au kinajiachia? Akijibu maswali hayo, kijana huacha kuiga umbo la kaa na kuanza kuichukua nguvu yake, na tofauti huonekana hata kwa mgeni aliyesimama mlangoni.

Kunyoosha misuli na kuishikilia kwa muda mrefu sasa nimekupeleka mwishoni, baada ya ngoma, kwa sababu msuli ulioshikiliwa kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa nguvu kwa muda, na hilo si jambo zuri kabla ya kuruka. Kundi jipya linapojiandikisha, mimi hulipeleka Mida kwanza kabla halijafanya zoezi lolote ukumbini. Huchagua siku za bamvua, na hupenda tuwe tumefika kati ya saa nne na saa tano asubuhi, maji yakiwa chini kabisa. Vijana huja na maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoogopa matope.