Msitu wa kijiji na mkono wa halmashauri ya wilaya: ninavyopanga mpaka, karatasi na fedha

Nafanya kazi ya kuwezesha vijiji kutenga misitu ya hifadhi, na mvutano wa nani mwenye kauli ya mwisho, kijiji au wilaya, haukosekani. Sheria ya Misitu ya Tanzania, Na. 14 ya mwaka 2002, imekipa kijiji nafasi pana sana. Nafasi hiyo hupotea kwenye mihutasari isiyokamilika na kwenye akaunti ya benki, kwa hiyo nguvu zangu nyingi naziweka huko, kabla hata ya semina za faida za misitu.

Kwanza hakikisha msitu ni wa nani. Misitu mingine ambayo wanakijiji huiita yao ilishatangazwa zamani kuwa hifadhi ya serikali kuu au ya serikali za mitaa. Hapo kijiji hakiwezi kuitenga. Kinachowezekana ni usimamizi wa pamoja kwa mkataba, na mgawanyo wa mapato uandikwe ndani ya mkataba huo. Msitu ukiwa kwenye ardhi ya kijiji na haujatangazwa, unaweza kutengwa kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji, na msimamizi ni halmashauri ya kijiji kupitia kamati ya maliasili. Kwenye msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, lakini katikati ya miaka ya 1990 usimamizi ukabaki kwa vijiji, kabla ya sheria hii kutungwa. Huwa nawatajia mfano huo madiwani wanaodhani mfumo huu ni jaribio la juzi.

Mpaka tunautembea kwa miguu, pamoja na wazee na wajumbe wa kila kijiji jirani. Kila kona tunachukua alama ya GPS na kupaka miti rangi. Muhtasari wa makubaliano ya mpaka unasainiwa siku hiyohiyo na wenyeviti na watendaji wa pande zote mbili. Jirani akiondoka kwa ahadi ya kusaini baadaye, mnunuzi wa mbao akishatokea mpaka utasogea, na mgogoro wa mpaka ndio mlango mwepesi kuliko yote wa wilaya kusimamisha shughuli zenu zote.

Halafu mkutano mkuu wa kijiji. Hapa nakaa na mtendaji tuandike muhtasari taratibu, maana nimesoma mingi inayosema tu kwamba wananchi walielimishwa kuhusu uhifadhi wakafurahi. Huo hautengi kitu. Unatakiwa usomeke hivi: "Mkutano Mkuu umeazimia kutenga eneo lenye hekta kadhaa, lenye mipaka iliyooneshwa kwenye ramani iliyoambatishwa, kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji." Ongeza tarehe, idadi ya waliohudhuria kwa jinsia, orodha ya majina na saini, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji, na mhuri. Akidi isipotimia, ahirisheni. Atakayepinga miaka mitano baadaye ataanza na orodha ya mahudhurio.

Mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinakwenda pamoja. Sheria ndogo ikishapitishwa na mkutano mkuu, inapata ushauri wa kamati ya maendeleo ya kata, kisha inaidhinishwa na baraza la madiwani. Hii ni kazi halali ya wilaya na sishauri mtu kuikwepa: bila idhini hiyo faini haina nguvu, na mshitakiwa mwenye wakili ataondoka mahakamani akitabasamu. Tatizo ni ucheleweshaji. Baraza hukutana kwa robo mwaka, na sheria ndogo ikikwama kwa mwanasheria wa wilaya inakosa kikao kizima. Omba ratiba ya vikao mapema, mpe mwanasheria rasimu kabla ya mkutano mkuu ili dosari za kisheria zitoke mapema, na peleka nakala kwa barua inayogongwa mhuri wa mapokezi. Wilaya ikibadilisha kifungu, kirudishwe mkutano mkuu. Vifungu vinavyobadilishwa kimyakimya ni vya mapato.

Na mapato ndiyo kiini. Kwenye msitu wa kijiji, ushuru, faini na mauzo ya mazao yaliyokamatwa ni mali ya kijiji. Wilaya inaweza kupata asilimia fulani kwa huduma za kitaalamu, lakini kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja huduma yenyewe: doria ngapi, tathmini ya msitu lini, nani analipia mafuta. Asilimia isiyo na huduma iliyotajwa hupanda kila bajeti inapobana. Andikeni pia ni akaunti gani inapokea fedha. Fedha ikiingia kwanza akaunti ya wilaya, kijiji kinageuka mwombaji wa pesa yake.

Kanuni za uvunaji za mwaka 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zilipitisha maombi ya uvunaji kwenye kamati ya wilaya, na vijiji vingi viliona kauli yao imepungua. Mkiwa na mpango wa uvunaji wenye kiwango cha kila mwaka kilichotokana na tathmini, kamati inabaki na kazi ya kuhakiki. Msipokuwa nao, itawapangia.

Hata hivyo, kijiji kushika usukani hakumaanishi mwenyekiti kushika usukani. Anayetoa kibali asiwe anayepokea fedha. Stakabadhi ziwe na namba mfululizo, na mapato na matumizi yasomwe kila mkutano mkuu, kibali kwa kibali. Nyundo ya kugonga alama ya kijiji kwenye magogo ifungiwe kwenye sanduku la kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa vitongoji tofauti, na daftari la kila inapotoka: tarehe, namba ya kibali, aina ya mti, idadi ya magogo, saini. Alama yake ijulikane pia kwa ofisi inayotoa hati za kusafirishia mazao ya misitu, la sivyo mzigo halali wa kijiji utazuiwa kwenye kizuizi cha barabarani na mnunuzi hatarudi.