Siku moja na jini anayetafuta chumba Magomeni

Saa 11 alfajiri. Naandika skripti mapema kwa sababu saa hizi prodyuza bado amelala, hawezi kunitumia ujumbe. Chai ya tangawizi, laptopu, dirisha wazi.

Niko kwenye sini ya kodi. Jini wetu mbuyu wake umekatwa kupisha upanuzi wa barabara, sasa anatafuta chumba Magomeni. Mama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka yake ya mwezi mmoja, na serikali ya mtaa inataka picha za pasipoti. Picha zimetoka: shati lipo, kichwa hakipo. Mpiga picha anamgombeza kwa kutikisika.

Tatizo ni sini inayofuata. Sheria niliyompa jini ni kwamba pesa yoyote anayoiumba inageuka majani ya mbuyu ikifika magharibi. Mama anafungua kitambaa chake, anakuta majani. Aseme nini? Nimeandika “Kumbe wewe ni jini!” Nimefuta. Kila mtu angesema hivyo.

Saa 2. Mfereji wa maji, watoto wa jirani, pikipiki ya muuza samaki. Ninapokwama hurudi kwa Bryan Fuller, mwandishi wa Kimarekani, na tamthilia yake Dead Like Me iliyoonyeshwa na chaneli ya Showtime 2003 hadi 2004. Misimu 2 tu, vipindi 29, na Fuller mwenyewe aliondoka msimu wa kwanza haujaisha. Msichana wa miaka 18, Georgia Lass, anauawa na kiti cha choo kilichodondoka kutoka kituo cha anga cha Mir. Mir ilishushwa kweli, Machi 2001, mabaki yake yakaishia Pasifiki ya Kusini. Kiti cha choo ndicho alichokibuni Fuller.

Akishakufa anapewa kazi ya kutoa roho za watu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi. Bosi wake, Rube, hagawi kazi makaburini wala kwenye ukungu. Anagawa kwenye mgahawa, watu wakinywa chai, kwa vikaratasi vya njano: herufi ya kwanza ya jina, jina la ukoo, mahali, saa ya kufa. Basi. Na kazi haina mshahara! Ili ale, Georgia anaajiriwa kwenye ofisi ya vibarua, anapanga mafaili chini ya bosi mchangamfu kupita kiasi. Kifo kinachekesha pale kinapokuwa na zamu na makaratasi, na kinauma kwa sababu hiyohiyo, maana dada mtu mdogo kule nyumbani bado anamlilia.

Kwetu makaratasi tunayo tele.

Saa 4. Kikao Kinondoni. Prodyuza anataka moshi na macho mekundu. “Dada, jini bila moshi mtazamaji atajuaje?” Namwambia atajua kwa kodi. Namtajia kazi nyingine ya Fuller, Pushing Daisies: muoka pai akimgusa maiti anafufuka, akimgusa tena anakufa moja kwa moja, na akimwacha hai zaidi ya dakika moja, mwingine aliye karibu anakufa badala yake. Hakuna moshi pale, kuna bei ya kulipa, na hofu ya hiyo bei haiko mbali. Prodyuza ananisikiliza huku akipiga hesabu kwenye simu. Kinachomlainisha si hoja yangu, ni kwamba majani ya mbuyu ni bure.

Saa 7. Wali maharage kwa mama lishe. Meza ya pili wanabishana kuhusu chuma ulete: mwenye duka anasema mauzo yake ya wiki yameyeyuka droo ikiwa imefungwa, mwenzake anamuuliza kama shemeji yake bado anakaa dukani. Naandika kwenye tishu. Tishu inalowa mchuzi, naandika upya mkononi.

Saa 9. Kusoma skripti na waigizaji. Kijana anayeigiza jini ana swali zuri kuliko yote ya siku: “Kama mimi kamera hainishiki, hawa watazamaji wananionaje?” Kimya. Dairekta ananitazama mimi.

Fuller alilikuta swali la aina hii. Georgia akirudi duniani, walio hai wanamwona kwa sura nyingine kabisa, lakini sisi tunamwona kwa sura yake, na ile ya pili inachungulia mara chache tu. Mtazamaji yuko ndani ya siri. Kwa hiyo nawajibu: kamera yetu si ya mpiga picha wa Magomeni, mtazamaji ni shahidi wa jini. Dairekta anakubali, kisha anaongeza ambalo sikuliwaza: kila palipo na kioo ukutani, tuone shati tupu. Hilo nalo halina gharama, ukimwondoa mwenye kukesha akihariri.

Saa 12 jioni. Foleni. Sina la kusimulia.

Saa 3 usiku. Nakula huku nafuta. Nimejaribu mama azimie, nimejaribu akimbilie kwa mganga, nimejaribu acheke. Yote ni ya mtu anayeshangaa majini, na huyu mama amepangisha miaka mingi, hashangai kitu. Karibu na saa 4 simu inalia: sauti ya yule mama anayeigiza mwenye nyumba. Mzaliwa wa Dodoma, na kwao majani ya mbuyu ni mboga.

“Mwanangu, mimi nikifungua kile kitambaa sipigi kelele. Nanusa. Halafu namwambia: haya ni mboga ya leo. Kodi iko wapi? Na hela ya umeme hujachanga.”

Nimeiweka kama alivyoisema, neno kwa neno, nikaituma kwa prodyuza. Amejibu saa hiyohiyo: “Safi. Na moshi?”