Kwenda Jeongseon kumwona mtoto wa Kilifi

Mama alipiga simu saa kumi na moja alfajiri. Kwao Mtwapa ilikuwa bado saa tano usiku wa jana yake, na hilo la saa kutofautiana hajawahi kulikubali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevaa sweta?"

Nilikuwa nimevaa sweta mbili, koti la kuazima na soksi za sufu, na leso mbili: moja kichwani chini ya kofia, ya pili shingoni. Mifukoni nilijaza vile vifuko vya joto ambavyo Wakorea huuza kila duka la kona; unakitikisa, kinapata moto wenyewe, unakibana kiganjani. Nikamwambia naenda milimani, Jeongseon, kumtazama msichana wa Kenya akishindana kwenye theluji.

"Msichana wa nani?"

Ndivyo wanavyouliza watu wa kwetu. Hawaulizi jina, wanauliza ukoo. Nikamwambia ni Sabrina Wanjiku Simader, ana miaka 19, amezaliwa hapo hapo Kilifi, akapelekwa Austria na mamake akiwa na miaka mitatu, na huko baba yake wa kambo ndiye aliyemfunza kusimama juu ya skii.

Mama akafikiri kidogo. "Haya. Ukimpata, mwambie nyumbani twamsalimu."

Ilikuwa Jumamosi, Februari 17, 2018. Jana yake ilikuwa Seollal, mwaka mpya wa Wakorea, na Seoul ilikuwa imehama. Wakati huo kila mtu huenda kwao, kama sisi Desemba, kwa hiyo tiketi ya treni ni kitu cha kupigania. Tulipata mbili za alfajiri kabisa, mimi na shoga yangu wa Tanga ninayekaa naye hosteli moja. Yeye hakuwa na haja na mchezo wenyewe. Alikuja, kwa maneno yake, "kushuhudia aibu ya majirani."

Treni ya kasi ya Gangneung ilikuwa na miezi miwili tu tangu ianze kazi, ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki hii ya majira ya baridi. Tukapanda Cheongnyangni, tukakaa, na kabla hata hatujavuka mji shoga yangu akaanza.

"Hebu nieleze. Timu ya taifa, mtu mmoja. Kocha akisema 'jipangeni', anajipanga nani?"

"Nyinyi Tanzania mna hata huyo mmoja?"

"Sisi theluji tunayo. Kilimanjaro."

"Theluji mnayo, wa kuitelezea hamna."

Akanyamaza mpaka tukapita Hoengseong, na kwake hiyo ni rekodi.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Olimpiki ya majira ya baridi mwaka ule ilikuwa na nchi nane za Afrika, ambazo kabla ya hapo hazikuwa zimewahi kufika idadi hiyo: Eritrea, Ghana, Kenya, Madagaska, Moroko, Nigeria, Afrika Kusini na Togo. Nyingi zilikuwa na mwanamichezo mmoja au wawili. Kenya yenyewe ilikuwa haijaonekana kwenye theluji kwa miaka 12, tangu Torino 2006, na kabla ya Simader bendera yetu huko ilikuwa imebebwa na mtu mmoja tu, Philip Boit.

Nikamsimulia habari za Boit, maana hakuzijua. Mkimbiaji wa Eldoret, ameona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 alipopelekwa Ufini kufundishwa, na miaka miwili baadaye yuko Nagano kwenye mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akagoma kwenda kuvishwa medali mpaka Mkenya afike. Akamngoja kwenye mstari, akamkumbatia. Boit aliporudi nyumbani akamwita mwanawe Daehlie.

"Mtoto wa Kikalenjin anaitwa Daehlie?"

"Anaitwa Daehlie."

Akatikisa kichwa. Lakini niliona imemgusa, kwa sababu alitoa mandazi aliyokuwa ameyaficha.

Tulishuka Jinbu. Baridi ya pale haifanani na ya Seoul. Ya Seoul inakuja polepole, hii inakupiga kibao mlangoni. Nje ya stesheni mabasi yalikuwa yamepangwa, vijana wa kujitolea wamevaa makoti ya aina moja, wanainama na kukutakia mwaka mwema, na baada ya nusu saa hivi ya kupinda mabondeni tukafika chini ya mlima Gariwang.

Niseme jambo moja kuhusu mlima huo. Msitu wake ulikuwa wa zamani sana, umelindwa tangu enzi za wafalme wa Joseon, na sehemu yake ilikatwa ili njia ya skii ipite. Wakorea wenyewe waligombana sana juu ya jambo hilo. Ukiutazama kutoka chini ni kama kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Njia yenyewe ni nzuri, nyeupe, inang'aa. Mimi macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye miti iliyobaki pembeni.

Mbio zilikuwa zianze saa tano. Upepo ukasema hapana. Zikasogezwa mpaka saa sita, na sisi tukabaki kwenye uzio karibu na mstari wa kumalizia, tunarukaruka kama watoto wanaobanwa na mkojo. Hapo ndipo tulipompata jirani yetu, mzee Mwaustria mwenye masharubu na kengele ya ng'ombe kubwa kama sufuria. Kwao, akatueleza kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, hushangilii skii kwa kupiga makofi, unapiga kengele. Akaiona bendera yetu. "Kenya? Sabrina!" Anamfahamu. Binti amekulia kwao, Austria, na magazeti ya kule humwita Chui wa Theluji.

Shoga yangu akaninong'oneza: "Huyu mtu anamjua kuliko Nairobi nzima."

Mchezo wenyewe, supa-jii, ni katili kwa namna yake. Unashuka mara moja tu, na hakuna kujaribu kabla. Asubuhi wanaruhusiwa kuteremka polepole kando ya njia wakiikariri, mlango huu wa vijiti vya kupita katikati unakaa hivi, kona ile ina barafu, halafu wanarudi juu na kuishuka kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, kwa kumbukumbu ya kichwani. Wenye majina hutangulia, njia ikiwa bado laini. Wadogo huja mwisho, wakati kona zimeshachimbwa. Yaani aliye dhaifu ndiye anayepewa barabara mbovu, jambo ambalo sisi hatuhitaji kuelezwa mara mbili.

Lindsey Vonn wa Marekani ndiye aliyefungua. Wakafuatana. Anna Veith wa Austria, bingwa wa mwaka 2014 aliyekuwa ameumia goti vibaya baada ya hapo, akashuka kwa dakika 1 na sekunde 21.12 na kukaa juu ya ubao wa matokeo. Mzee alipiga kengele mpaka nikahisi meno yanatikisika. Akatukumbatia wote wawili. Majina makubwa yakaisha, Veith bado yuko juu, na watu wakaanza kukunja bendera zao wakatafute supu. Kuna televisheni huko ng'ambo zilizokwisha kumtangaza mshindi.

Kisha akashuka namba 26, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki. Huyu ni bingwa wa dunia wa snoubodi, ule ubao mmoja. Huku kwenye skii mbili alionekana kama mtu aliyepita kusalimia. Hata skii alizovaa zilikuwa zimetumiwa na mshindani mwenzake, Mikaela Shiffrin wa Marekani. Akavuka mstari, akasimama. Ubao wa matokeo ukaandika dakika 1 na sekunde 21.11.

Sitasahau kimya kile. Ledecká alisimama mdomo wazi, anaukodolea ubao macho, hajasogea hata hatua. Alieleza baadaye kwamba alidhani saa imekosea na wangemwongezea muda. Mpiga picha akamsogelea karibu kabisa na uso, na bado alikuwa hajaamini. Sekunde moja ukiigawa mara mia, ukachukua kipande kimoja, hicho ndicho kilichompokonya mzee dhahabu. Nilimtazama. Kengele ilikuwa inaning'inia mkononi kama kitu asichokijua.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa akitazama mlima. Watu walikuwa wanapiga simu, wanabishana, wanarudia kwenye skrini za simu zao kitu walichokiona kwa macho dakika mbili zilizopita. Wasichana waliendelea kushuka mmoja mmoja, na nchi zao zikatajwa kwenye kipaza sauti kama majina ya wanafunzi waliochelewa. Katikati ya kelele hizo ndipo nikasikia, kwa lafudhi ya Kikorea, "Ke-nya."

Kwenye skrini kubwa akachomoka kibandani, akasukuma mara mbili tatu kwa fimbo, akainama. Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Nilishika uzio. Kila mlango aliokaribia nilikuwa naukanyaga na mimi, goti la kushoto, goti la kulia, na shoga yangu wa Tanga, aliyekuja kushuhudia aibu, alikuwa amenikamata mkono na kunifinya huku anasema, "Polepole mama, polepole, hapo hapo, polepole," ushauri mbaya kuliko wote kwa mtu aliye kwenye mashindano ya kasi.

Kisha akatokea kwa macho, si kwenye skrini tena. Kutoka pale chini mtu hana uso, ni doa tu linalokua. Unasikia kwanza: mkwaruzo wa chuma juu ya barafu, kama mtu anaparuza nazi kwa haraka. Akapinda mlango wa mwisho, akanyooka, akapita mstari, akapiga breki, na theluji ikaruka ukutani. Alisimama. Miguu miwili. Na pembeni yangu kengele ikalia. Yule mzee, aliyetoka kunyang'anywa dhahabu, alikuwa anaipiga kwa mikono yote miwili.

Ndipo sauti yangu ikarudi. Nikapeperusha bendera, nikapeperusha na leso. Sijui kama alituona. Alitazama ubao, akavuta pumzi, akaenda zake na skii zake begani. Salamu za mama sikuzifikisha.

Mwisho wa hesabu alikuwa wa 38.

Tulirudi Jinbu mapema, treni yetu ilikuwa ya jioni, tukaingia kwenye kimkahawa chenye meza nne. Mwenye nyumba, nyanya mfupi aliyejikunja mgongo, hakutuuliza tunakula nini. Ni Seollal, alileta tteokguk, supu ya vipande vya mchele uliopondwa, yai na mwani juu yake. Kwenye televisheni walikuwa wanarudia mashindano ya jana yake ya skeletoni, yale ya kuteleza kwa sleji kichwa mbele, ambako Yun Sung-bin wao alichukua dhahabu siku yenyewe ya mwaka mpya. Wakamwonyesha kwa sekunde chache na Akwasi Frimpong wa Ghana, aliyemaliza wa mwisho katika watu 30, na kofia yake yenye picha ya simba kafungua kinywa na sungura anachomoka ndani. Shoga yangu alicheka mpaka akapaliwa. Sungura na simba! Hadithi zetu zote, mtu amezivaa kichwani.

Nyanya akaiona bendera. "Kenya? Maraton!"

Hapana, nikamwambia kwa Kikorea changu cha darasani. Leo skii. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa samaki wamepanda mnazi. Nikamwonyesha picha za simu yangu, zote zimetikisika, moja ina kidole changu. Akavaa miwani akazitazama moja moja bila haraka.

"Wa ngapi?"

"Samsip-pal," nikasema. Thelathini na nane.

Akarudia kwa kifupi, "Sampal?", kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Kwa Wakorea namba hiyo si namba tu. Sampalseon, mstari wa 38, ndio uliopigwa kwenye ramani mwaka 1945 ukaikata nchi yao vipande viwili, na mkoa huu wa Gangwon tuliokuwa tunanywea supu umekatwa vilevile. Nyanya akaelekeza kidole dirishani, kaskazini, zaidi ya milima. Kwao ni kule. Alivuka akiwa amebebwa mgongoni. Kijiji chake hakukiona tena.

Hatukujua la kusema, na hata tungejua, Kikorea changu kisingefika. Shoga yangu akafanya lile ambalo angelifanya Tanga: akamshika mkono kwa viganja viwili, akakaa kimya.

Kisha nyanya akainuka, akachukua mabakuli yetu ambayo hatukuwa tumeomba yajazwe, akayajaza tena mpaka juu. La pili halina malipo, akasema, hilo ni la msichana wenu.

Sasa, Wakorea wanaamini ukila bakuli la tteokguk siku za Seollal umeongeza mwaka mmoja wa umri. Nikamkumbusha kwamba tumekula mawili kila mmoja. Akahesabu kwa vidole, akatuangalia, akacheka kwa mara ya kwanza.

Usiku nilipompigia mama, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na kwamba nimezeeka miaka miwili.