Nilivyopata mbadala wa jibini ya hoop

Resipi ya zamani ya keki ya jibini toka Marekani inataka jibini ya hoop, nikazunguka supamaketi za Masaki na Mikocheni hapa Dar wapi, wauzaji wananishangaa tu. Kumbe ni maziwa yaliyogandishwa yakakamuliwa maji yote basi, hata chumvi haina. Nikanunua maziwa freshi lita 2 (ya boksi yanayokaa muda mrefu achana nayo, hayagandi vizuri), nikachemsha yalipoanza kupanda nikazima, nikatia ndimu kidogokidogo huku nakoroga taratibu mpaka yakakatika, maji yakawa kama ya kijanikijani hivi. Nikachuja kwa kanga kuukuu safi, nikafunga nikaning'iniza kwenye bomba la sinki mpaka ikaacha kudondosha. Ikiwa kavu inamegukameguka ndo yenyewe. Ile jibini ya kupaka mkate usiweke, ina mafuta mengi na chumvi.