Mpigaji wa Ridhaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yakobo 4:13–15.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye semina ya watumishi wanaokaribia kustaafu. Mimi nina miaka 54. Mwakani nikitaka naweza kuomba kustaafu kwa hiari. Nisipotaka, nitangoja 60 inifukuze. Mwezeshaji alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa pili. Akatugawia karatasi, akasema, "Wazazi wangu, kila mmoja aandike atakuwa anafanya nini baada ya kustaafu." Nikachungulia kulia: kuku wa mayai mia tano. Nikachungulia kushoto: vyumba sita vya kupangisha, tena na ramani, choo kimeshapewa nafasi yake pembeni. Kalamu yangu ikaandika kama yenyewe: *Nimekaa barazani Marangu, napiga ukulele, na naipiga vizuri.*

Niliposoma nilichoandika nikaikunja ile karatasi mara nne, nikaitia kwenye pochi. Zamu yangu ilipofika nikasema kuku.

Uongo huo nimeshautubu. Ila karatasi sikuitupa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma pamoja na maneno ya Yakobo.

Kwa wasioijua ukulele, ni kama gitaa lililokatazwa kukua. Ina nyuzi nne za nailoni, na unaipakata kifuani kama mtoto anayenyonya. Hii yangu ililetwa na wageni wa usharika rafiki kutoka Marekani. Kijana mmoja alikuwa akiipiga jioni baada ya chakula, akaona ninavyoikodolea macho, na siku ya kuondoka akaniachia. Jina ni la Hawaii, na lina maelezo mawili. Wengi husema ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vinavyorukaruka kwenye nyuzi. Malkia Liliʻuokalani, aliyekuwa wa mwisho kuketi kwenye kiti cha enzi cha visiwa hivyo, inasemekana alipenda maana nyingine: zawadi iliyokuja. Mimi niko upande wa malkia, ingawa mume wangu akinisikiliza jioni anashikilia kiroboto.

Kwa mtu wa aina yangu Kiswahili kina neno zuri sana, ila tumewaachia wanamichezo. Tunasema ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Bondia wa ridhaa hana promota wala mkataba. Ameridhia tu mwenyewe kwenda kupigwa. Basi mimi ni mpigaji wa ridhaa. Hakuna aliyeniajiri wala aliyeniomba, na kuna jioni nimeombwa niache.

Najua kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazolizwa kwa pamoja: C, F na G. (Wapiga magitaa wenyewe husema kodi, nami kila nikilisikia neno hilo nakumbuka mwenye nyumba.) C ni ya huruma, kidole kimoja tu kwenye uzi wa chini kabisa. F ni vidole viwili. G ni vitatu, vimekaa pembetatu, na hapo ndipo vidole vyangu huanza kuulizana nani atangulie. Nyimbo nyingi tu za kitabuni zinapigika kwa hizo tatu. Ncha za vidole vya kushoto zimeota sugu, kiasi kwamba mapigo ya mgonjwa siku hizi nayatafuta kwa mkono wa kulia.

Hayo ndiyo niliyonayo mkononi. Kichwani ni habari nyingine. Kichwani nimeshapiga Krismasi tatu mbele ya usharika mzima. Nimepiga kwenye harusi ya kitinda mimba wangu, ambaye hana hata mchumba. Nimepiga, Mungu anisamehe, kwenye mazishi yangu mwenyewe; sijui nilikuwa napigaje nikiwa ndani ya jeneza, lakini watu walilia sana. Katika hadhara zote hizo sijawahi kukosea G.

Nikaja kugundua kwamba jioni ninazokaa kuwaza hivyo, ukulele yenyewe haishuki msumarini. Nikiwaza robo saa nzuri nainuka nimeshiba, kana kwamba nimefanya mazoezi. Yakobo anasema, "Haya basi, ninyi msemao, Leo au kesho tutaingia katika mji fulani na kukaa humo mwaka mzima, na kufanya biashara na kupata faida." Zamani nilidhani anawasema matajiri. Sasa namwona ananitazama mimi nikiwa kwenye kiti, mikono mitupu. "Uzima wenu ni nini? Maana ninyi ni mvuke uonekanao kwa kitambo, kisha hutoweka."

Hata hivyo usimsome haraka. Mstari wa 15 haufungi mdomo wa mwenye mipango: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Hivi au hivi bado vipo. Kuku wapo, vyumba sita vipo, hata baraza langu lipo. Kilichobadilika ni mpangilio. Kwanza Bwana apende, kisha tuwe hai, ndipo tufike kwenye kufanya. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho.

Na hilo "Mungu akipenda" tumelichakaza, tukubali. Mtu akikualika nawe hutaki kwenda, unamjibu nini? "Nitakuja, Mungu akipenda." Naye anajua kabisa kwamba huji. Tumeligeuza kuwa njia ya heshima ya kumsingizia Mungu utoro wetu.

Kazini kwangu lipo neno jingine linalobeba mzigo huo kwa uaminifu zaidi, nalo ni lile lile la mabondia. Kabla mgonjwa hajapelekwa chumba cha upasuaji, anatia sahihi fomu ya ridhaa. Kwa miaka mingi nimesimama kando ya vitanda na karatasi hiyo. Nimeelezwa, nimeelewa, nakubali. Asiyejua kuandika anabonyeza kidole gumba kwenye wino. Nakumbuka baba mmoja mkulima, kidole kikiwa tayari kimelowa wino, akaniuliza, "Sista, mahindi ya msimu huu nitayapalilia mimi?" Ningeweza kumweleza atakatwa wapi, atashonwaje, atakaa wodini siku ngapi mambo yakienda vizuri. Hilo la mahindi halimo kwenye fomu. Alinitazama kitambo, akabonyeza. Sijawahi kusikia "Bwana akipenda" iliyosemwa vizuri kuliko kile kidole.

Hata historia ya kinanda hiki ilianza na watu waliotia sahihi wasichokiona. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu, huko Hawaii, ikiwa na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira, waliokuja kwa mkataba wa kazi za mashamba ya miwa. Walikuja na vinanda vyao vidogo vya nyuzi, na kati yao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Mkataba ulisema miwa. Miaka michache baadaye watatu hao walikuwa mjini wakitengeneza na kuuza vinanda, na mfalme Kalākaua mwenyewe akakipenda hicho kipya kilichotokana na vile vya kwao. Hata jina la ukulele lilikuja baada yao kushuka melini.

Sasa niwape kisa cha nyuzi, maana ndicho kilichonifundisha zaidi.

Nyuzi za zamani zilichoka, mwanangu akaniletea mpya kutoka Dar es Salaam. Nikazifunga Jumapili mchana, nikatyuni, yaani kukaza kila uzi ufikie noti yake, kwa programu ya simu mpaka ule mshale ukasimama katikati kwa nyuzi zote nne: G, C, E, A. Nilifurahi kama mtu aliyemaliza kulipa mkopo. Jioni nikaishika, ikalia kama mlango wa stoo. Nikatyuni tena. Jumatatu asubuhi zimeshuka zote. Nikadhani vishikio vimelegea, nikadhani nimeuziwa feki, nikamfokea mwanangu kwa simu bila hatia. Baadaye nikaambiwa na kijana wa gitaa wa kwaya ya vijana, tena kwa upole: "Mama, nailoni mpya hunyooka. Wewe tyuni tu kila ukiishika. Siku zitapita, itatulia yenyewe."

Kwa hiyo hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinanyooka, na kila kunyooka kunaonekana kama kuharibika. Mimi nilikuwa nataka kutyuni siku ya Jumapili ili Alhamisi nikute sauti ipo, na haiwezekani. Hakuna kutyuni kwa akiba. Nikakumbuka mana kule jangwani, Kutoka 16, jinsi waliobakiza hadi asubuhi walivyokuta mabuu na harufu. Ilikuwa chakula kizuri, ila kila siku na chake.

Msinielewe vibaya nikisema ridhaa, mkadhani nasifia ulegevu. Zaburi 33:3 inaagiza, "Pigeni kwa ustadi." Wale mabondia wa ridhaa nawapishana nao nikitoka zamu ya usiku, saa kumi na moja alfajiri, wanakimbia barabarani wakitoa mvuke mdomoni. Hawalipwi hata senti, na wako macho kuliko mimi ninayelipwa.

Narudi kwa yule malkia, maana nilimtaja kwa jina la kinanda tu nikamwacha. Alipinduliwa mwaka 1893. Mwaka 1895, baada ya wafuasi wake kujaribu kumrudisha na kushindwa, alifungiwa katika chumba cha ghorofani cha ikulu yake mwenyewe kwa karibu miezi minane. Magazeti alinyimwa, ila karatasi na penseli alikuwa nazo. Akawa anachora kwa mkono ile mistari ya kuandikia muziki, na kwa kuwa mwanzoni hakuwa na chombo chochote mle ndani, akatafuta noti kwa sauti yake, akaziandika. Kati ya alizotunga humo ni sala ya kuomba rehema, inayowaombea msamaha hata waliomfunga. Makanisani huko Hawaii inaimbwa mpaka leo.

Naye alikuwa na mambo ya kesho ya kuwaza, kuliko mimi na baraza langu. Kiti cha enzi hakukipata tena mpaka alipofariki mwaka 1917. Nikijaribu kuona tofauti kati ya kuwaza kwake na kwangu, naishia kwenye ile penseli. Alichokisikia kichwani alikiteremsha kwenye karatasi siku hiyo hiyo, noti moja baada ya nyingine, kwa koo alilokuwa nalo, bila kujua chombo kitaletwa lini. Mimi chombo ninacho, kipo msumarini hatua nne kutoka nilipokaa.

Alhamisi iliyopita jumuiya ilikuwa kwetu. Nikasema, leo. Mapema nikatyuni, na wageni walipoanza kuingia nikatyuni tena jikoni, mlango nimefunga. Wimbo niliuchagua mimi, nikaufanyia mazoezi ukianzia sauti ya C wiki nzima. Nikasahau kitu kimoja. Katika jumuiya yetu nyimbo huanzishwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya themanini, na huyo haulizi mtu. Akafumba macho, akaanza. Haikuwa C. Haikuwa D pia. Ilikuwa mahali fulani katikati, mahali ambapo simu yangu ingetafuta mpaka chaji iishe. Nikajaribu kodi ya kwanza, mjukuu wangu akaniangalia kama mtu aliyekanyagwa. Watu wakaitikia, sauti zikapanda, ubeti wa pili bibi akawa ameshahamia juu zaidi.

Ile Krismasi yangu ya kichwani ikafia hapo hapo kwenye kochi.

Nilikuwa nimeshaanza kuishusha chini ndipo mkono wa kushoto ukalala wenyewe juu ya nyuzi zote, ukazifunga. Mkono wa kulia ukaendelea kupiga. Nyuzi zikifungwa hivyo hazitoi noti yoyote, zinatoa mlio mkavu tu, chaka, chaka-chaka, kama kayamba. Mlio ule hauna C wala D, kwa hiyo haugombani na mtu. Bibi akageuza kichwa upande wangu bila kufumbua macho, akaanza kupiga kofi juu yake. Tukaimba beti zote nne hivyo, na pambio mara tatu, na mimi sikupiga kodi hata moja kati ya zile tatu ninazozijua.

Wakati wa chai akaja kukaa karibu nami. Akaigusa ukulele kwa kidole kimoja, uzi wa chini, akausikiliza mpaka ukanyamaza. "Hii inaanzia wapi?" akauliza. Nikamwonyesha C. Akaimba ile noti taratibu, mdomo umefumba, akaishika sawasawa kabisa.

"Mbona hukuniambia?" akasema.

Wiki hii jumuiya ni kwake, kule ng'ambo ya daraja. Nimesema nitakuja, Mungu akipenda, na safari hii nimemaanisha. Leo ni Jumatano. Nimetoka kuikagua sasa hivi. Uzi wa G umeshuka tena, ila haukushuka sana kama jana.