Geti la dharura bila kufuli

Nilipokabidhiwa ulinzi wa depo ya mafuta jijini Dar es Salaam, nilikuta mvutano juu ya geti la dharura. Lilifungwa kufuli usiku na mchana, ufunguo ukikaa kibandani, geti kuu. Watu wa stoo walitaka hivyo kwa sababu madumu ya dizeli yalikuwa yakitoroshwa kupitia hapo. Afisa usalama alitaka kufuli litoke, nami nikasimama naye. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hujaa mitaroni, na ukikuta cheche hata mbali na tangi, moto unaufuata hadi ulikotoka. Dereva anayepakia mafuta hawezi kuzunguka matangi kufuata ufunguo. Lakini wizi nao ulikuwepo, na ilibidi utafutiwe dawa.

Tuliling'oa geti tukalipeleka karakana ya nje, maana kuchomelea ndani ya depo ni kuita maafa. Fundi akaweka komeo la kusukuma: ukiwa ndani unalisukuma kwa kifua, hata gizani, geti linafungukia nje. Upande wa nje hakuna kitasa wala tundu la ufunguo. Nilisisitiza bati zito lizunguke komeo, kwa sababu mwizi mwenye kipande cha nondo hukipenyeza kwenye wavu akalisukuma akiwa huko huko nje. Kwenye fremu ikafungwa swichi isiyotoa cheche. Geti likiachia, king'ora kinalia kibandani.

Kilichokomesha wizi, kwa maoni yangu, ni kitu cha bei ndogo: sili ya plastiki yenye namba, iliyopitishwa kwenye komeo. Ukisukuma, inakatika. Zamu zinapopokezana, askari wawili wanakwenda pamoja, wanaishika, wanasoma namba, wanaiandika kitabuni na kusaini. Aliyepokea lindo sili ikiwa nzima hawezi kusema ilikatika kabla yake.

Kikabaki kikwazo cha nje. Mama lishe mmoja aliweka jiko la mkaa pale pale geti linapofungukia. Nikaenda na mjumbe.

"Shikamoo mama. Geti hili likifunguka ghafla, watu wote watakuangukia hapa jikoni."

"Marahaba mwanangu. Na wateja wangu je?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukakumbushana Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na kulipuka, wakafa watu zaidi ya 100, wengi wao waliokuwa wamekimbilia kuchota petroli. Niliuomba uongozi umjengee banda ng'ambo ya barabara, wakakubali. Siku hizi yeye ndiye hunipigia simu akisikia harufu ya mafuta upande ule, au akiona mtu asiyemfahamu anazungukazunguka uzioni.